Simu Ndani ya Helmeti

Uvimbe uko upande wa kushoto. Simu niliiweka sikio la kulia miaka yangu yote ya kazi. Naanza na hayo mawili kwa sababu kila anayesikia la kwanza hukimbia nalo kabla hajasikia la pili.

Uvimbe wenyewe ni mdogo. Daktari alinionyesha kwenye picha: doa jeupe ndani ya fuvu, limekaa kwenye mshipa wa fahamu unaobeba sauti kutoka sikioni hadi kwenye ubongo. Alisema si saratani. Alisema hukua polepole, pengine usikue tena, na kwamba tutakuwa tukiupiga picha mara kwa mara tuone unafanya nini. Nikamuuliza umetoka wapi. Akanijibu bila kuzunguka kwamba kwa wagonjwa wengi wa aina hii hakuna anayejua. Nilimheshimu kuanzia hapo.

Mimi ni Kosgei. Nimestaafu majuzi kutoka kazi ya kupanda minara ya simu, kazi iliyonitoa Eldoret kila asubuhi kwa pikapu na kunirudisha jioni mikono ikinuka grisi. Ninyi vijana mliobaki kazini mmeniomba niandike. Baadhi yenu mnataka niandike kwamba simu inaua. Meneja wenu angefurahi niandike kwamba haina neno lolote. Nitaandika nilichokiona, na asiyeridhika aje kwangu Kapsoya tubishane. Chai ipo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Chepsaita, kwenye mnara uliosimama pembeni ya shamba la mahindi. Aliyepewa kazi ya kunifundisha alikuwa Barasa, mtu mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia. Kwao kulikuwa Webuye, lakini hakuwahi kukubali kwamba huku kwetu ni baridi; mwezi wa Julai alivaa fulana moja. Alinifunga mikanda ya usalama yeye mwenyewe, akaivuta mmoja mmoja hadi nikakohoa.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi vua hiyo mikanda ukae kwa gari. Sipandi na mtu haogopi."

"Naogopa kidogo."

"Hiyo kidogo ndiyo nataka. Twende."

Barasa hakufundisha kwa maneno mengi. Spana aliifunga kwenye mkono kwa kamba ya kiatu, kwa sababu spana ikianguka kutoka juu haina adabu kwa aliye chini. Kila boliti aliigusa kwa kiganja kabla ya kuiamini. Dira ya kuelekezea antena aliivaa shingoni kama padre anavyovaa msalaba, na hakumruhusu mtu mwingine kuishika. Asubuhi chuma cha mnara huwa na baridi ya kuuma, na glavu humfanya mtu asihisi boliti, kwa hivyo alipanda mikono mitupu nasi tukapanda mikono mitupu. Karibu kila kitu tulichofanya kule juu tulikifanya kwa sababu Barasa alikifanya.

Hapo ndipo simu inapoingia. Mtu aliye juu ya mnara ana mikono miwili, na mnara unaitaka yote miwili. Lakini kazi yetu ilihitaji tuongee muda wote na kituo cha kudhibiti mitambo kule Nairobi: zima hii, washa ile, sasa unaona nini? Redio za mkono hazikufika huko. Barasa alikuwa na mtindo wake. Alipiga simu akiwa chini, akaiingiza ile simu ndogo ya tochi, mulika mwizi, ndani ya helmeti, ikabanwa kati ya sikio la kulia na mkanda wa kidevu, kisha akapanda akiongea kama mtu anayejisemesha. Aliiweka kulia kwa sababu bega la kushoto lilibeba kamba. Simu ilikaa hapo mpaka kazi iishe. Ikipata moto tulivumilia, na katika baridi ya asubuhi hatukuwa na haja ya kuvumilia. Barasa aliiita hita yake.

Sasa sikilizeni kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekifikiria wakati huo. Sisi tulipanda mnara ukiwa umezimika, au tukiwa tumeuzima wenyewe. Mnara wa karibu ukizimika, simu hutafuta mwingine ulio mbali, na ili ifike huko huongeza nguvu zake. Ndiyo maana betri huisha upesi mahali ambapo mtandao ni hafifu. Wakulima walitutazama kutoka chini wakiogopa mnara. Sisi, watu wa mnara, tulikuwa na simu zinazopiga kelele kwa nguvu zao zote, zimebanwa kwenye fuvu kama plasta. Je, kelele hiyo ilitudhuru? Sijasema hivyo. Nimesema ilikuwepo, na ilikuwa karibu.

Kuna jambo moja ambalo halina ubishi, na nataka mlishike. Ukisimama mbele kabisa ya antena inayofanya kazi, mwili hupata joto. Siku moja, kwenye paa la jengo moja hapa mjini, kijana wa zamu wa Nairobi alituambia amezima antena ya upande wetu. Barasa akasogea mbele yake, akasimama kidogo, kisha akarudi nyuma akijigusa uso.

"Umezima gani?" akauliza ndani ya helmeti.

Sikuisikia sauti ya Nairobi, lakini niliona uso wa Barasa.

"Hiyo ni ya upande wa stendi, ndugu yangu. Mimi niko upande wa kanisa. Unanichoma kama mahindi."

Tangu siku hiyo hakukubali neno "nimezima" peke yake. Alimlazimisha mtu wa Nairobi ataje antena kwa jina, naye akairudia, kisha akangoja mimi niliye kwenye mitambo nithibitishe. Mlizoea kuniona nikifanya hivyo mkanicheka kwamba nasali rozari. Endeleeni kusali.

Baadaye kidogo wakazi wa Chepsaita waliitisha baraza kuhusu mnara wao. Walisema watu wanaumwa vichwa na ng'ombe wanatupa mimba. Kampuni ilimtuma mhandisi kutoka Nairobi, kijana aliyevaa viatu ambavyo havikuwa vimekutana na matope ya huku. Alisimama akasema hakuna hatari yoyote, sifuri kabisa, leo wala kesho. Mzee mmoja mwenye shamba la jirani, Mzee Sang, akanyanyua fimbo kuomba nafasi.

"Kijana, umesema sifuri?"

"Sifuri, Mzee."

"Na lile bango la manjano kwa geti, linalosema mtu asikaribie antena, mliwekea nani? Ng'ombe wangu hawasomi."

Baraza likacheka. Mhandisi akaanza kueleza kuhusu kanuni, akakwama katikati, akamtazama Barasa. Barasa alivua helmeti kabla ya kusema.

"Wazee, pale juu, mbele ya antena, kuna joto. Nimelihisi kwa uso wangu. Hapa chini mlipokaa halifiki. Ng'ombe wanatupa mimba, mwiteni daktari wa mifugo awapime damu. Na mtu akiongea kwa simu miaka ishirini, itamfanya nini? Hiyo sijui. Na huyu kijana hajui, kwa sababu hajafikisha hiyo miaka."

Mhandisi alirudi Nairobi akaandika kwamba fundi wa Eldoret alimharibia mkutano. Barasa alipewa onyo. Mnara wa Chepsaita haukuguswa na mtu, na Mzee Sang alituletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, kila tulipokwenda huko, akimuuliza Barasa habari za hiyo miaka.

Nimesoma nilichoweza kusoma tangu wakati huo. Wataalamu wa saratani duniani waliwahi kuyaweka mawimbi ya simu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Huenda. Wengine waliopitia tafiti baadaye wanasema hawauoni uhusiano huo. Ninaamini wote walifanya kazi yao. Lakini sidhani kuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukutana na mtu aliyepanda mnara uliozimika, simu ikiwa ndani ya helmeti, asubuhi hadi mchana, mwaka baada ya mwaka. Hatukuwa wengi, na hakuna aliyetuuliza.

Sikio la Barasa lilianza kuondoka kabla yake. La kulia. Kwanza alisema "eti?" kwenye simu, kisha akasema "eti?" hata akiwa ndani ya pikapu. Tulimtania kwamba anasikia chakula tu. Mkewe, Mama Nekesa, alimwambia mbele yetu kwamba uziwi wake huja saa za kutumwa dukani. Sote tulilaumu jenereta. Jenereta za minara zina makelele, na zilikuwa mlangoni pa kila chumba cha mitambo. Mimi mwenyewe nililaumu jenereta. Hakuna aliyekaa akajiuliza mbona kelele iliyojaa chumba kizima imechagua sikio moja.

Nilimsihi akapimwe. Akaniambia akistaafu atakuwa na wakati. Alistaafu, akaenda Webuye, akaugua nimonia, tukamzika. Makaburini Mama Nekesa alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Kosgei, wewe ndiye ulikuwa naye huko juu. Lile sikio, ilikuwa ni simu?"

Nilimwambia sijui, Mama. Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa glasi tupu.

Miaka ilipita. Simu zikawa pana, hazikuingia tena kwenye helmeti, ninyi mkaja na visikizi vya waya. Mtindo wa Barasa ukafa wenyewe bila mtu kuupiga marufuku. Kisha, nikiwa karibu kustaafu, nikaanza kusikia mlio mwembamba sikioni, kama mbu aliyekataa kuondoka. Kushoto. Nilipostaafu nilikwenda hospitali wiki ile ile. Sikutaka kungoja kama Barasa.

Habari za uvimbe zilifika Kapsoya kabla yangu. Abdi, mwenye duka linalotazamana na geti letu, mtu ambaye familia yake ilikuja kutoka Garissa na ambaye ana maoni kuhusu kila kitu, alinikamata kabla sijanunua mkate.

"Mzee Kosgei, pole sana. Wallahi hiyo ni simu."

"Simu nilikuwa naweka upande ule mwingine, Abdi."

Akafikiri.

"Basi imepenya ikatokea huku."

"Ingepita kwa ubongo ningeisikia."

"Kama kuna kitu hapo katikati," alisema Abdi, akanipa mkate huku akicheka. Simu yake mwenyewe ilikuwa begani, ameibana kwa shavu, kuna mteja anamsubiri upande wa pili wa laini.

Kisha akaja Chebet. Wengi wenu mnamjua. Ndiye anayeongoza wapandaji sasa, na ndiye aliyejifunza kwangu ile rozari ya kutaja antena kwa jina. Tulisalimiana chamgei, akakaa, hakugusa chai.

"Mzee, wewe ndio ushahidi wetu. Tumeomba watupime masikio, wamekataa. Ukisimama useme ni simu, hawawezi kukataa tena."

"Nitasimama. Lakini siwezi kusema ni simu."

"Kwa nini?"

"Uvimbe uko kushoto."

"Hawatauliza ni upande gani."

"Mimi nitawaambia."

"Aki Mzee, utatumaliza."

Nilimweleza kwamba nikisema uongo mmoja mbele ya meneja, watakuwa na haki ya kutupa kila kitu kingine tulichosema, pamoja na Barasa. Chebet alitaka kipimo cha masikio kwa wote wanaopanda, kila mwaka, ili sikio likianza kuondoka lionekane likiwa bado njiani. Nilimwambia hilo halihitaji uongo. Linahitaji kichwa kigumu, na kichwa kigumu ninacho, chenye uvimbe na vyote.

Meneja alitupokea vizuri. Ni kijana mwenye adabu, nasema hivyo kwa haki. Simu zake mbili zilikuwa mezani, uso chini.

"Mzee Kosgei, pole kwa ugonjwa. Niulize tu: uvimbe uko upande gani?"

Alikuwa anajua. Eldoret si kubwa hivyo.

"Kushoto."

"Na simu ulikuwa unaweka wapi?"

"Kulia."

Akawatazama wenzake mezani kama mtu aliyemaliza chai yake.

"Basi nafikiri tumemaliza."

"Hatujaanza," nikamwambia.

Chebet alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua.

"Mzee, hatuwezi kupima watu kwa sababu ya uvumi," alisema meneja. "Tuonyesheni madhara, halafu tutapima."

"Nitayaonaje kabla hujapima?"

"Hakuna utafiti unaosema..."

"Sijasema upo. Jenereta ya Yamumbi ikianza kukohoa, tunangoja ife ndio tuifungue?"

"Hiyo ni mashine, Mzee."

"Na Chebet ni nini?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Nikaendelea kwa sababu nilijua sitapewa nafasi ya pili.

"Bwana meneja, wewe unaamini simu haidhuru. Mimi sijui. Kipimo kimoja kinaweza kukusaidia wewe au kunisaidia mimi. Sasa kati yetu, ni nani anakiogopa?"

Alisema atawasiliana na Nairobi. Nimefanya kazi kwenye minara, najua maana ya mtu kusema atawasiliana na Nairobi. Tukatoka.

Jibu halikuja. Kilichokuja ni hitilafu ya mnara wa Yamumbi, asubuhi ya siku ya kazi, mtaa mzima ukabaki bila mtandao. Chebet na wenzake walifika, wakavaa mikanda yote, wakafunga helmeti, wakakaa nyuma ya pikapu. Hawakupanda. Walimpigia meneja wakitumia simu ya laini nyingine wakamwambia wako tayari, masikio tu ndiyo hayako tayari. Mimi nilifika na birika la chai. Sikuwa na kazi pale, na hakuna aliyeniambia niondoke.

Watu wa Yamumbi wakakusanyika. Mama mmoja, ambaye nilimkumbuka kwa sababu zamani aliwahi kubeba bango la kutaka mnara uleule ung'olewe, alitusimamia mikono kiunoni.

"Mnangoja nini? Mwanangu yuko safarini, simpati!"

"Mama, si ulisema mnara unaua?" Chebet akamuuliza.

"Nilisema. Na sasa nasema uwake. Kwani mtu haruhusiwi vitu viwili?"

Sijasikia mtu akieleza hali yetu vizuri kuliko hapo. Sote tunaiogopa na sote tunaitaka, na katikati ya hofu na hamu hakuna anayechukua muda kuangalia.

Mchana meneja alikuja mwenyewe. Alizungumza na Chebet kando ya gari, sauti ya chini, mikono mingi. Walikubaliana kila anayepanda atapimwa masikio, na anayelalamika upande mmoja atapelekwa kupigwa picha ya kichwa. Kipimo kitarudiwa kila mwaka. Chebet alimfanya ayaseme tena mbele ya wote, jambo baada ya jambo, kama tunavyofanya na antena. Kisha akafunga kamba akapanda. Yule mama alipiga makofi.

Mmeshapimwa. Majibu ni ya kila mtu na daktari wake, nami sitayauliza, ingawa Chebet aliniambia lake bila kuulizwa: masikio yote mawili mazima. Aliniambia kwa mkato, kama mtu aliyeshinda na hajui ameshinda nini. Nilimwambia ameshinda mahali pa kuanzia. Akirudi mwakani kutakuwa na kitu cha kulinganisha. Sisi hatukuwa nacho.

Msikubali mtu awaambie hilo ni dogo. Watakuja wenye viatu safi waseme sifuri. Watakuja wenye mabango waseme mauti. Waulizeni wote wawili wamempima nani. Na meneja akichoka mwakani, mikanda mnayo, pikapu ipo, na mimi na birika langu tunajua njia ya Yamumbi.

Mwezi ujao narudi kupigwa picha nyingine. Uvimbe unaweza kuwa umekua, unaweza kuwa umekaa pale pale. Vyovyote utakavyokuwa, utakuwa kushoto, na hautaniambia lolote kuhusu kulia.

Mama Nekesa bado hunipigia kutoka Webuye. Naweka simu sikio la kulia, kwa sababu la kushoto halishiki maneno tena. Tunaulizana mvua, mahindi, watoto. Watoto wakiisha, najua kinachofuata.

"Kosgei, ilikuwa ni simu?"

Namwambia ukweli wote nilio nao. Lilikuwa sikio la kulia, Mama, na tulimzika bila mtu kulitazama.